Saruji, Maji na Mvua: Kupanga Ujenzi Shinyanga na Geita

Kupanga ujenzi ni kuamua mambo matatu kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi: kazi ipi itaifuata ipi, kila kazi itachukua siku ngapi, na siku hizo zikifika, je, watu, vifaa, mitambo na fedha vitakuwa vimeshafika saiti au bado viko njiani? Mawili ya kwanza huonekana karibu katika kila mpango kazi unaobandikwa ukutani kwenye ofisi ya mhandisi. La tatu husahaulika, na ndilo linaloeleza kwa kiasi kikubwa kwa nini mkoani Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita kuna maboma ya madarasa na zahanati yaliyofika usawa wa lenta yakaishia hapo, yakinyeshewa msimu baada ya msimu.

Watu wengi hudhani kinachokwamisha jengo ni fedha peke yake. Fedha hukwamisha kweli, lakini jengo hukwama pia fedha zikiwa benki. Mwendo wa ujenzi huamuliwa na kile kilicho haba kuliko vyote kwa wakati ule, na katika ukanda huu kilicho haba hubadilika kadiri miezi inavyokwenda. Kiangazi huwa maji. Mvua zikianza huwa barabara na udongo mkavu. Msimu wa kupanda na wa kuvuna huwa mikono ya watu. Ratiba iliyotengenezwa bila kuyajua haya haina budi kuvunjika, hata ikiwa imechorwa kwa programu ya kompyuta ya bei kubwa.

Mvua ndiyo ya kuanzia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huiweka mikoa ya Shinyanga na Geita katika ukanda wa Ziwa Viktoria, wenye vuli kati ya Oktoba na Desemba na masika kati ya Machi na Mei. Katikati kuna kipindi cha mvua pungufu, lakini ukavu wa kutegemewa huanzia Juni na kuishia Septemba. Hiyo ni miezi minne, na ndiyo miezi ya kuchimba misingi, kushindilia barabara na kuchota mchanga kwenye mito ya msimu kama Manonga. Anayekosa miezi hiyo hulipa kwa njia nyingine: malori hukwama, mashimo ya msingi hujaa maji, na mchanga hupanda bei kwa sababu mto umejaa.

Udongo wenyewe huongeza uzito wa jambo hili. Tambarare za Kishapu na sehemu kubwa ya Shinyanga zimetandwa na udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, unaofura ukinywa maji na kupasuka nyufa ukikauka. Msingi uliowekwa juu yake bila maandalizi hunyanyuliwa mvua zinapokuja na kushushwa kiangazi, na kuta hupasuka. Dawa ni kuuondoa udongo huo hadi kina alichokiamua mhandisi, kisha kujaza moramu na kuishindilia tabaka kwa tabaka. Kazi hiyo hudai tipa, mtambo wa kushindilia na ukavu, vyote kwa pamoja. Shimo likichimbwa leo na moramu ikaja baada ya wiki mbili, mvua moja tu inatosha kurudisha kazi mwanzo. Geita ina vilima na hupata mvua nyingi zaidi kuliko Shinyanga, hivyo shida yake huwa zaidi ni maji yanayoteremka kwenye saiti na barabara za vijijini zinazokatika.

Sasa kalenda hiyo ya mvua ilinganishwe na kalenda ya fedha za umma. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai, siku ambayo ukavu umeshaanza. Baada ya hapo hufuata zabuni, ambazo tangu mwaka 2023 hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, kisha tathmini, mkataba, na mkandarasi kuhamishia mitambo yake saiti. Hatua hizo zikianza Julai, mkandarasi anaweza kufika Oktoba au Novemba, vuli ikiwa imeanza. Miezi minne bora ya mwaka imetumika kwenye makaratasi, na ile mibaya imeachiwa udongo na zege. Hili ni kosa kubwa la upangaji, na halitokani na fundi wala mkandarasi. Michoro, upimaji wa udongo, hesabu za vifaa na rasimu za zabuni vikikamilika kati ya Machi na Mei, wakati mvua zenyewe zimewazuia watu kuchimba, Julai inabaki kuwa mwezi wa kusaini na kuanza kazi.

Katika ukanda wa migodi kuna kalenda ya tatu. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inazitaka kampuni za madini kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wao kwa jamii na kukubaliana na halmashauri za eneo husika. Kwa Geita, fedha hizo kutoka mgodi wa Geita Gold Mining zimeingia kwenye madarasa, vituo vya afya na miundombinu mingine. Ila mwaka wa hesabu wa AngloGold Ashanti, kampuni mama ya mgodi huo, huanza Januari na kuisha Desemba, wakati wa halmashauri huanza Julai na kuisha Juni. Jengo moja linaweza kutegemea kuta kutoka nguvu za wananchi, bati kutoka mgodini na milango kutoka halmashauri, kila mfuko ukifunguka kwa tarehe yake. Mpangaji asiyeziweka tarehe hizo tatu kwenye ukurasa mmoja hujikuta na bati stoo lakini hana mbao za kenchi.

Hesabu ya chumba kimoja cha darasa huonyesha vizuri jinsi ratiba na rasilimali zinavyoshikana. Jamvi la chumba cha mita 9 kwa 7, lenye unene wa sentimita 10, linahitaji mita za ujazo 6.3 za zege. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, hiyo ni takriban mifuko 40 ya saruji ya kilo 50, mchanga karibu mita za ujazo 2.8 na kokoto 5.5. Vyote vinapaswa kuwa saiti asubuhi ya siku hiyo hiyo, kwa sababu jamvi likikatishwa katikati bila mpangilio, pale lilipoungwa huwa mahali dhaifu. Watu nao huhesabiwa: wa kuchanganya, wa kubeba, wa kumwaga, na fundi wa kusawazisha. Wakipungua, zege la mwisho hukauka kwenye karai kabla halijafika.

Kisha kuna maji, na hapa ndipo kamati nyingi hukosea. Kuchanganya mifuko hiyo 40 kunahitaji lita 1,000 na zaidi kidogo. Hayo hupangwa. Yasiyopangwa ni maji ya kumwagilia. Zege halipati nguvu kwa kukauka. Hupata nguvu kwa saruji kuendelea kukutana na maji ndani yake, na kwa desturi ya uhandisi nguvu yake kamili hupimwa siku ya 28. Katika jua la Shinyanga la Agosti, jamvi lisilomwagiliwa hupoteza maji yake mapema, likaota nyufa na kuwa vumbi chini ya madawati. Lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, kwa siku 7, kwenye jamvi la mita za mraba 63, ni takriban lita 2,200, yaani zaidi ya mara mbili ya maji yaliyotumika kuchanganya. Kwa madumu ya lita 20, kazi nzima ya jamvi moja hula madumu 160. Bila kisima au bomba karibu, madumu hayo yanatoka kwa mama na watoto wa kijiji au kwenye mkokoteni wa kulipiwa, na lazima yaandikwe kwenye bajeti kama saruji inavyoandikwa.

Mji wa Shinyanga, uliokuwa ukitegemea bwawa la Ning'hwa, pamoja na Kahama, ulipata nafuu kubwa mwaka 2009 mradi wa maji kutoka Ziwa Viktoria ulipozinduliwa, maji yakivutwa kutoka Ihelele wilayani Misungwi na kusimamiwa na mamlaka ya maji ya KASHWASA. Saiti zilizo karibu na bomba hilo zinaweza kumwaga zege Agosti bila wasiwasi. Vijiji vilivyo mbali nalo bado hupaswa kuuliza swali la maji kabla ya swali la saruji, na pengine kuhifadhi maji ya mvua za Mei kwa ajili ya ujenzi wa Juni.

Kazi za darasa zikipangwa kwa mfuatano, msingi, kuta za msingi, kujaza kifusi, jamvi, kuta, lenta, kupaua, lipu, sakafu na rangi, pamoja na siku za kusubiri zege liive, hupatikana karibu siku 60 kwa kikosi kimoja cha kawaida. Lakini si kazi zote zinazopaswa kungoja zamu. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza grili za madirisha tangu siku ya kwanza. Kama zinahitajika siku ya 40 na yeye anahitaji siku 14, ana siku 26 za akiba, na akichelewa wiki mbili hakuna kinachoharibika. Msingi hauna akiba hiyo: ukichelewa siku tano, jengo zima limechelewa siku tano. Mfuatano wa kazi zisizo na siku hata moja ya akiba ndio mnyororo mkuu wa mradi, na macho ya msimamizi hupaswa kukaa hapo kila siku. Fremu za milango huponza wengi kwa namna hii. Huonekana kama kazi ya mwishoni, kumbe huingia kuta zinapoanza kupanda, na zikikosekana fundi huacha uwazi ambao baadaye hubomolewa na kuzibwa upya.

Elimu hii ina historia yake. Mhandisi wa Poland, Karol Adamiecki, alichora mpangilio wa kazi kwa mistari mwaka 1896, na katika miaka ya 1910 Mmarekani Henry Gantt akaeneza chati ya vipande virefu ambayo leo hutundikwa katika saiti za dunia nzima. Mwaka 1957 Morgan Walker na James Kelley, wakifanya kazi kwa ajili ya kampuni ya kemikali ya DuPont, walitengeneza njia ya kukokotoa mnyororo mkuu. Mwaka uliofuata jeshi la wanamaji la Marekani lilitumia njia inayokaribiana nayo kwenye mradi wa makombora ya Polaris. Hesabu za mnyororo mkuu ni kujumlisha na kutoa tu. Mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi anaweza kuifanyia kamati yake kwenye daftari.

Mnyororo mkuu, hata hivyo, una upungufu: hudhani kwamba kila kazi itapata mafundi na vifaa vyake. Oktoba 2021 Tanzania ilijifunza jambo hilo kwa upana wa nchi nzima. Tarehe 10 mwezi huo ulizinduliwa mpango uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3, ambao ndani yake kulikuwa na vyumba vya madarasa 15,000, kati yake 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, kila kimoja kwa shilingi milioni 20. Vile vya sekondari vilitakiwa kuwapokea wanafunzi wa kidato cha kwanza Januari 2022. Kutoka uzinduzi hadi shule kufunguliwa zilikuwa siku 100 hivi, na ndani ya hizo ilibidi ziingie pia siku za fedha kufika, kamati kuundwa na vifaa kununuliwa. Kila halmashauri, kuanzia Msalala na Ushetu hadi Chato na Nyang'hwale, ilihitaji saruji, nondo, mbao, bati na mafundi katika wiki zile zile, tena vuli ikinyesha. Madarasa yalijengwa, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mahitaji yanayorundikana wakati mmoja hupandisha bei na kuwafanya mafundi wazuri wagombaniwe.

Dawa yake ni kusawazisha: kusogeza kazi zenye siku za akiba ili mahitaji yasirundikane. Shule yenye vyumba vinne haina haja ya kuvianza vyote Jumatatu moja. Kikosi kimoja kinaweza kuchimba misingi na kusonga mbele chumba hadi chumba, kikosi cha waashi kikifuata nyuma yake, kisha cha wapauaji. Mbao za fomu zilizotumika kwenye lenta ya chumba cha kwanza huenda kwenye cha pili. Mirunda hununuliwa ya vyumba viwili badala ya vinne. Maji ya kumwagilia hugawanyika kwa wiki kadhaa. Jengo la mwisho huchelewa siku chache, lakini gharama hushuka na ubora hupanda.

Saruji ina safari yake ya kupangiwa. Sehemu kubwa ya saruji inayouzwa Kanda ya Ziwa hutoka viwanda vya mbali, vikiwemo vya Dar es Salaam na Tanga, na kutoka Dar es Salaam hadi Shinyanga ni karibu kilomita 1,000. Novemba 2020 bei yake ilipanda ghafla nchini hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaingilia kati. Kishawishi baada ya tukio kama hilo ni kununua yote mapema na kuijaza stoo. Ni hatari nyingine, kwa maana saruji iliyokaa miezi mitatu kwenye unyevu hupungua nguvu, na iliyoganda mfukoni haifai kwa zege. Njia ya kati ni kununua kwa awamu kufuata ratiba, kila awamu ifike siku chache kabla ya zege, na mifuko ipangwe juu ya mbao mbali na ukuta.

Kwa Geita, safari ya vifaa kutoka Mwanza ilikuwa na kizingiti chake: kivuko cha Kigongo–Busisi. Lori la nondo lilisubiri foleni, na ratiba ya saiti ilisubiri lori. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la J.P. Magufuli mahali hapo, lenye urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 28.45. Daraja hilo lenyewe ni somo la ratiba. Kazi ilianza Februari 2020 kwa mkataba wa miezi 48, na lilifunguliwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya muda huo. Kujenga juu ya maji kulihitaji kwanza daraja la muda la kupitishia watu na mitambo. Kazi ya maandalizi ya namna hiyo haionekani mradi ukikamilika, lakini bila yake hakuna nguzo inayosimama.

Miradi mirefu ya reli na bomba hupangwa kwa namna yake. Bomba la mafuta ghafi la EACOP, lenye kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, hupita Geita na Shinyanga, na mabomba yake yaliwekewa tabaka la kuhifadhi joto kwenye kiwanda cha Sojo wilayani Nzega, kilichozinduliwa Machi 2024. Katika mradi wa aina hii kazi ndizo zinazotembea: kikosi cha kusafisha njia hutangulia, wapanga mabomba hufuata, kisha wachomeleaji, wakaguzi, wachimba mtaro, na mwisho wanaofukia. Siri yake ni mwendo ulio sawa. Wachomeleaji wakimaliza kilomita moja kwa siku na wachimbaji nusu kilomita, baada ya siku kumi kuna kilomita tano za mabomba yaliyolala juani yakisubiri, na kuongeza wachomeleaji wengine hakusaidii chochote. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ambayo mkataba wake ulisainiwa Januari 2021 kwa miezi 36, hufuata kanuni hiyo kutoka tuta hadi mataruma. Hadi katikati ya mwaka 2025 ilikuwa bado haijakamilika.

Rasilimali iliyo ngumu kuliko zote kupangwa ni watu. Vibarua wengi wa Usukumani ni wakulima. Vuli ikianza huenda kupanda mahindi, mpunga na pamba, na kuanzia Mei huvuna. Kisha kuna rashi. Dhahabu ikisikika imeonekana mahali, iwe upande wa Nyarugusu au Mwakitolyo, vijana wanaweza kuondoka saiti usiku mmoja, na hakuna ujira wa saidia fundi unaoweza kushindana na matumaini ya mfuko wa mawe yenye dhahabu. Kuwalaumu hakujengi ukuta. Msimamizi mwenye busara hulipa kwa wiki, hupanga kazi za mikono mingi kati ya mavuno na kupanda, na huweka kazi za mafundi wachache, kama lipu, sakafu na milango, kwenye miezi ya mvua, jengo likiwa limeshapauliwa. Lengo la kila darasa la ukanda huu linaweza kusemwa kwa sentensi moja: bati liwe juu kabla ya Oktoba kwisha.

Mpango mzuri pia huandikwa upya. Kila Jumamosi msimamizi hulinganisha kilichopangwa na kilichofanyika, huandika sababu ya tofauti kwenye daftari la saiti, na huorodhesha mahitaji ya wiki mbili zijazo: nani ataleta nini, lini, na nani atakipokea. Katika ujenzi wa nguvu za wananchi na mafundi wa kijijini, kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, hufanya kazi bega kwa bega, na mara nyingi kinachokosekana kati yao ni ukurasa huo mmoja. Kamati ya manunuzi haiwezi kujua kwamba nondo zinatakiwa Alhamisi kama kamati ya ujenzi imeliweka jambo hilo kichwani mwa fundi.

Ukurasa huo ubandikwe ofisi ya kijiji, karibu na tangazo la mapato na matumizi, na usomwe kwenye mkutano wa hadhara. Mwananchi aliyesomba mawe, aliyetoa mchango au aliyebeba dumu la maji ana haki ya kuona kazi imefika wapi, na ya kuuliza, kabla mvua hazijaanza, kwa nini lori la kokoto lililoandikwa kufika wiki iliyopita halijafika.